Kiu ya Chumba cha Chini ya Ngazi

Asubuhi hiyo tena kopo la shaba lilikuwa kavu. Phulmati alikuwa amelijaza mwenyewe jioni, akalifunika kwa kisahani, akafunga mlango wa chumba cha chini ya ngazi na kuufundika ufunguo kwenye pindo la sari yake. Sasa kisahani kilikuwa palepale alipokiweka, lakini ndani ya kopo hamkuwa na hata tone, na ukingoni palibaki alama ya majivu yaliyolowa, mfano wa mdomo wa mtu.

"Panya," alisema mumewe Dhanesar alipomweleza.

"Panya anafunua kisahani, anakunywa, halafu anakifunika tena?"

"Panya wa Kashi huyo. Mji mtakatifu huu, hata panya wana adabu." Akacheka peke yake, akaenda kuwapokea wageni.

Nyumba yao ilikuwa ya kulaza wageni, kwenye kichochoro kinachoteremka hadi mto Ganga. Walikuja mahujaji wa kuoga mtoni, Wajaini wenye vitambaa mdomoni, watawa wa Buddha wanaopita kwenda Sarnath. Ng'ambo ya kichochoro waliishi wafumaji wa hariri, Waislamu, na vitanda vyao vya kufumia viligonga mchana kutwa. Sikukuu ya taa ilikuwa inakaribia. Vyumba vyote vilikuwa vimeshachukuliwa, isipokuwa kile cha chini ya ngazi.

Kabla ya hayo yote, mvua zilipokwisha, mtu mmoja aliyeitwa Lallan alikuwa amekuja kutoka Bihar na mama yake mzee. Wakaoga mtoni, wakazuru mahekalu. Kesho yake Lallan akasema, "Mama, kaa hapa, nakwenda kukata tiketi za treni." Akabeba mfuko wenye mablanketi yote mawili. Phulmati aliuona mfuko ule, akajiuliza ni nani anayekwenda kukata tiketi na mablanketi. Lakini mkaza mwana hamuulizi mgeni wa kiume.

Bibi yule akakaa mlangoni na kifurushi chake. Kila aliyepita alimuuliza, "Lallan wangu kaja na tiketi?"

Alipoacha kulipiwa, mama mkwe wa Phulmati, Rampati, akamtoa kwenye chumba cha juu akamlaza chini ya ngazi, penye mafagio na ndoo. "Watu wanakuja hapa kutafuta baraka," alisema, "si kutazama vikongwe wanaolia lia." Phulmati ndiye aliyempelekea maji asubuhi na jioni, kwa kuwa bibi alikuwa na maradhi ya kiu. Alikunywa kwa kelele, kama ndama, kisha akasema, "Uzae wana, binti yangu." Phulmati hakujua kama ile ni dua au vinginevyo.

Bibi alipokufa, Dhanesar akauwasha moto wa maiti kwa mkono wake, mahali pa mwana. Majirani wakamsifu sana. Lakini anayewasha moto hunyolewa kichwa, na hutundika chungu chenye tundu dogo kwenye mti wa pipali kando ya mto, akakijaza asubuhi na jioni hadi siku ya kumi, ili maiti ambaye hana mwili tena wala hajapata makao aweze kunywa. Na kwa siku hizo nyumba yake ina uchafu wa msiba. Hakuna hujaji atakayekula humo. Dhanesar akaoga mtoni, akachana nywele zake vizuri, akarudi kupokea wageni.

Phulmati peke yake, kwa mazoea, aliendelea kulijaza kopo la bibi, nalo likawa linakauka. Baada ya kopo, ulianza mtiririko. Tone. Kimya. Tone. Phulmati akakagua bomba, paa, ndoo, na kila kitu kilikuwa kikavu. Ikafuata harufu ya majivu mabichi na maua ya manjano yaliyoozea majini. Kisha mchana mmoja, wageni wakiwa mtoni na ukungu wa baridi umejaa uani, alikuwa amelala ubavu akimnyonyesha mwanawe Birju, macho yamemfumba kwa usingizi, akasikia mtoto ananyonya kwa nguvu isiyo ya mtoto, kwa kelele, kama ndama, na midomo ilikuwa ya baridi, na akataka kuinua mkono ukawa mzito, na alipofaulu kufumbua macho alimwona Birju amelala mbali, kule ukutani, anamtazama kwa macho makavu, na kifuani pake hapakuwa na mtu, ila unyevu wa majivu uliokuwa unashuka polepole kwenye ubavu wake.

Tangu siku hiyo maziwa yake yakakauka. Maziwa ya ng'ombe Birju aliyatapika. Utosi wake ukabonyea, na kilio chake kikawa chembamba kama cha paka aliyefungiwa ndani.

"Wewe huli," alisema Rampati. "Mimi nilinyonyesha watano kwa chai na chapati."

"Nakula, Mama."

"Basi una kijicho. Mwanamke mwenye roho mbaya hatoi maziwa."

Phulmati akavuka kichochoro kwa Zaibun, mke wa mfumaji, mama wa makamo aliyekuwa akisokota nyuzi. Zaibun akamshika Birju, akambonyeza utosi, akaacha kusokota.

"Khala, mama mdogo, ni jini?" Phulmati alinong'ona.

"Jini ningemsomea aya, akaondoka au akanitukana. Huyu ni maiti wenu, mwanangu. Ana kiu tu."

"Kwa nini asimfuate mwanawe? Mimi ndiye niliyempa maji."

"Ndiyo maana. Kwa mwanawe alikaribishwa lini? Anakwenda kwa anayempa."

Wakateremka wote wawili hadi kwenye mti wa pipali. Mzee anayelinda vyungu vya wafu aliwasikiliza huku anatafuna tambuu.

"Aliyewasha moto yuko wapi? Anyolewe, aje atundike."

Jioni hiyo Phulmati akambembeleza mumewe, hata miguu akamshika. Dhanesar alimtazama Birju, akatazama pia viatu vya wageni vilivyopangwa mlangoni.

"Baada ya sikukuu," alisema.

"Mtoto hatafika sikukuu."

"Nikinyolewa leo, kesho hapa hakuna mtu. Tutakula nini? Nitamleta daktari."

Alfajiri Phulmati akanunua chungu, akakitoboa, akakitundika mwenyewe. Wanaume waliokuwa wakioga wakacheka. "Tazameni, leo wanawake wamekuwa wana." Zaibun, aliyemshikia mtoto, akawajibu kwamba wana wa kiume wakipatikana atawapisha. Wakarudi majini.

Mzee wa vyungu akasogea karibu. "Sikuzuii, binti. Lakini shika hili: huko ndani ya chungu ndiko kwake kwa sasa. Siku ya kumi kikivunjwa, anakwenda zake. Kikivunjwa kabla, hana pa kwenda, atamwingia aliyekivunja."

Phulmati akakijaza asubuhi na jioni kwa siri. Mtiririko ukahamia mtini. Kopo la shaba likabaki na maji yake. Kabla wiki haijaisha, kifua kikamuuma kwa kujaa, na Birju akanyonya mpaka akalala mdomo wazi, na Phulmati akalia bila sauti ili asimwamshe.

Zilikuwa zimebaki siku mbili Rampati alipomfuata. Alimkuta chini ya mti, amejaza chungu.

"Umeniletea msiba nyumbani wageni wamejaa," alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. "Kwa ajili ya kikongwe asiye na kwao."

"Mama, usikiguse. Nakuomba. Mzee wa vyungu amesema atakayekivunja—"

"Nyumba ni yangu au yako?"

Akaokota jiwe. Chungu kikapasuka, maji yakammwagikia miguuni. Rampati akasimama akiitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akalamba midomo. "Nipe maji," alisema.

Phulmati alimpa. Alikunywa kwa kelele, kama ndama.

Sikukuu ikapita, taa zikawashwa kwenye ngazi zote za mto, wageni wakala wakashiba. Birju akanenepa. Lakini Rampati alikaa mlangoni na kifurushi alichokifunga mwenyewe, akimshika kila mgeni nguo na kumuuliza kama Lallan kaja na tiketi. Wageni wakaanza kunong'onezana. Dhanesar akamhamishia chumba cha chini ya ngazi, penye mafagio na ndoo.

"Ndiye mama yako," alisema Phulmati.

"Najua ni mama yangu. Nifanyeje, niwafukuze wageni?"

"Nyoa kichwa. Tundika chungu. Bado wewe ndiye uliyewasha moto."

Dhanesar akaenda kupanga viatu vya wageni. Siku kadhaa baadaye, asubuhi moja, akashuka amevaa koti lake zuri, na mfuko begani. Phulmati alikuwa amekaa kwenye ngazi, Birju kifuani.

"Nimefikiri nimpeleke Prayag," alisema bila kumtazama. "Akaoge panapokutana mito. Atapata nafuu. Mama anapenda safari."

Phulmati aliutazama mfuko. Mablanketi yote mawili ya mama yalikuwa ndani, ncha moja imetokeza.

Nyuma ya mlango wa chumba cha chini ya ngazi kopo la shaba liligonga sakafu. Kisha sauti ikaja, ya Rampati kwa koo, lakini kwa lafudhi ya Bihar, laini, isiyo na hasira hata kidogo.

"Za kwenda kata mbili, mwanangu. Ya kurudi kata moja."

Birju akaacha kunyonya, akageuza kichwa kumtazama baba yake.