Kikombe cha Tatu cha Yeshareg

Kikombe kilikuwa kitupu. Yeshareg alikiacha kimejaa asubuhi mbele ya kigoda chake, akakimbilia kiwandani anakoshona mashati, na jioni alikikuta pale pale, kimebaki mashapo.

Mji mzima wa Gondar, kama Ethiopia yote, unajua kwamba kahawa hunywewa mizunguko mitatu, na wa tatu ndio wenye baraka, kwa hiyo mtu haondoki kabla hajaunywa. Yeshareg alikuwa akiondoka. Msimamizi wake hakuwa mtu wa kusubiri baraka ya mtu.

Akauliza nani amekinywa.

"Si ni wewe mwenyewe," alijibu mama yake, Bayush. "Umeshinda hapa kutwa."

Hakushtuka, maana nyumba ile ilishamzoesha. Mdogo wake, Dereje, alikuwa na skizofrenia, na uso wa mtu ulimjia vipande vipande, jicho huku, pua kule. Mama naye alikuwa ameanza kusahau. Daktari aliwaonyesha picha ya punda iliyochorwa kwa mistari iliyokatika. Dereje aliona mistari tu. Mama alimtambua punda mara moja, akamcheka masikio, lakini picha ilipofunikwa aliapa kwamba hajamwona punda tangu Pasaka.

Daktari alimshauri Yeshareg awe akikaa mahali pale pale na kuvaa vazi lile lile, labda watamjua. Ndipo akachagua kigoda kile na shali nyeupe yenye ukingo wa kijani. Na kwa kuwa aliwahurumia, kila alipokwenda kazini aliitandika shali juu ya kigoda na kuweka kikombe cha tatu mbele yake, wasijione wameachwa.

Siku zikaenda. Ikawa akirudi anakuta harufu ya ubani ambao hakuna aliyeuchoma, na kigoda kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na mama, ambaye hakumbuki hata alichokula, anarudia neno kwa neno kisa cha harusi ya shangazi yao alichosimuliwa mchana, kisa ambacho Yeshareg hakuwahi kukisimulia.

Dereje alimvuta pembeni.

"Dada, huyu wa mchana si wewe," alinong'ona.

"Umejuaje?"

"Uso wake haukatiki. Namwona mzima."

Jumapili aliwapeleka kanisani, kwenye maji matakatifu ya kufukuzia pepo. Kasisi mzee, Abba Wolde, aliwamwagia maji hadi wakatetemeka, akawagusa kwa msalaba na kumuuliza pepo jina lake. Kinywani mwa mama ikatoka sauti ya Yeshareg, laini, bila ubishi wowote, ikasema inaitwa Yeshareg na kwamba inakwenda zake. Yeshareg alisimama akiisikiliza sauti yake mwenyewe ikiaga, na hakuhisi chochote.

Kesho yake kigoda kilikuwa baridi. Alijitanda shali, akaketi, akamimina kahawa. Dereje alimtazama kidogo, akageukia ukuta. Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu ugenini.

"Asante, binti. Wewe ni wa nani?"

"Ni mimi, mama. Yeshareg."

"Aa, Yeshareg wangu ametoka," mama alisema kwa upole. "Msubiri tu, hakawii."

Dereje alianza kulia bila sauti. "Mmemfukuza, Dada," alisema, bado ameukabili ukuta. "Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwona."

Iliuma, lakini kwa mbali, kama jino lililodungwa sindano ya ganzi. Yeshareg aliwanywesha mzunguko wa pili. Alimfuta mama mdomo, akamwekea Dereje dawa zake kiganjani akamsubiri azimeze. Kisha alivua shali, akaitandika juu ya kigoda vizuri, ukingo wa kijani ukitazama mbele. Akamimina kikombe cha tatu hadi juu, akakiweka mahali pake, akatoka.

Nje aliinama kufunga viatu. Ndani kigoda kililia kama kinavyolia kikikaliwa. Harufu ya ubani ikapita chini ya mlango, na sauti yake mwenyewe ikauliza, "Umeamkaje, mama?"

"Salama, Yeshareg wangu," mama alijibu. "Ulikuwa wapi?"

Dereje akacheka. Ulikuwa mwaka wa ngapi sasa hajacheka, Yeshareg hakukumbuka. Alimaliza kufunga viatu, akaenda kazini.