Mbwa Wasiopewa Jina

Saa sita mchana, jua la Kibwezi likiwa limejichosha lenyewe, Nzomo alisikia mbwa akinywa maji nyuma ya jikoni. Chap, chap, chap, kwa ulafi wa mbwa aliyetoka mbali. Akajiinua kutoka kwenye kigoda, akachungulia. Sufuria kuukuu ilikuwa palepale, kavu, na ndani yake kuku mmoja mjinga alikuwa amelala. Nzomo akarudi kuketi. Siku hizo hakuwa na nguvu hata za kushangaa.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano, njaa kubwa imetoka kupita. Chui alikuwa ameshuka kutoka vilima vya Chyulu, akaingia zizini, na mbwa wawili wa Nzomo, Hakimu na Karani, wakamkabili. Mbuzi walipona, mbwa hawakupona. Hakimu alikuwa mbwa wa kumtazama kila mgeni kana kwamba kesi yake imeshakatwa. Karani yeye hakuamka kabla ya saa nne. Nzomo aliwazika kando ya mfereji wa kumwagilia nyanya, akalia hadi majirani wakaja mbio wakidhani amefiwa na ndugu. Mmoja alileta sukari, na alipoambiwa marehemu ni mbwa, akaanza kuitazama ile sukari kama mtu anayetaka kurudi nayo.

Tangu hapo, kila jioni, Nzomo alikwenda kwenye vile vichuguu viwili vya udongo akawaita wafu wake kwa majina. Kisha alirudi kula, au kutokula.

Mkewe, Ndinda, aliona mume anakwisha. Akaenda kwa dada yake huko Kwa Vonza, akarudi na watoto wawili wa mbwa ndani ya kiondo, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Akamwomba mumewe awape majina. Nzomo akasema atawapa. Wiki ikapita, na nyingine. Akikumbushwa, alijibu kwamba jina ni mzigo: ukishampa mnyama jina, umeahidi kumzika, na yeye mikono imechoka na jembe. Basi wale wadogo wakawa wanaitwa "nyinyi".

Baada ya yale maji ya mchana, ikaja harufu. Harufu ya mbwa aliyenyeshewa, nzito, ndani ya nyumba ambayo paa lake halikuwa limeonja mvua kwa miezi. Ndinda alifua mablanketi. Harufu ikabaki.

Halafu ukaja mluzi. Ilikuwa jioni, wanakula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, na ng'ambo ya mfereji mtu akapiga mluzi mrefu unaokatika mwishoni, mluzi wa kupitia kwenye pengo la jino. Ndinda akamtazama mumewe. Mdomo wa Nzomo, wenye pengo lilelile, ulikuwa umejaa mahindi.

"Baba Muthoki," akanong'ona, "nani anapiga mluzi wako?"

Wale wadogo walikwisha kutoka mbio. Nzomo aliwakuta ukingoni mwa mfereji, karibu na makaburi, wameketi wakitikisa mikia, nyuso zimeinuliwa juu kama unavyomtazama mtu mrefu aliyesimama mbele yako, na mbele yao hapakuwa na mtu. Alipowabeba walikuwa baridi kama samaki. Tangu jioni hiyo waliyakataa maziwa, mbavu zikaanza kuonekana.

Ndinda alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kiti cha mbele. Kwa hiyo aliaga kwamba anaenda kuomba chumvi, akaenda kwa mganga mkongwe Kalunde, ambaye kijiji kizima kilimwita susu, yaani nyanya. Alirudi naye, bila chumvi.

Kalunde aliwapapasa wale mbwa, akauliza majina yao. Ndinda akasema hawana. Kalunde akamgeukia Nzomo, akamuuliza kama yeye si Mkamba: mtoto wa mtu, kabla hajapewa jina, huwa ni wa nani? Nzomo akainamisha kichwa. Alijua. Huwa bado ni wa aimu, wale wa upande wa pili. Ndiyo sababu watu hawakawii kumpa mtoto jina.

"Hawa umewaacha mlangoni," Kalunde akasema. "Na pale mferejini kuna jini lililofuata kilio chako. Likiwapa jina kabla yako, nao wakaitika, ni wake."

Nzomo akasema haraka kwamba atawapa basi, mmoja awe Hakimu, mwingine Karani. Si hata watoto wetu hupewa majina ya wazee waliokwenda?

"Hayo limeshayaokota. Ulikuwa unalipelekea mwenyewe kila jioni. Tafuta mapya, mwanangu."

"Na wale wangu wa zamani, susu?"

Kizee akamtazama kwa huruma. "Wale utawaacha. Ukisikia chochote, usiitike."

Jua likazama. Mluzi ukapigwa, na safari hii nyuma ya mluzi ikaja sauti, sauti ya Nzomo mwenyewe, yenye lile pendo lake lote na uchovu wake wote, ikiita Hakimu, Karani, Hakimu, Karani, na wale wadogo wakaruka kizingiti wakikimbilia mfereji, na Nzomo nyuma yao, akifungua mdomo asipate jina hata moja duniani, kichwa kitupu kama debe, na harufu ya manyoya mabichi ikimjaa kooni, na yule mwekundu keshatia mguu majini, hata macho ya Nzomo yakaangukia kreti ya soda iliyokuwa imetupwa kichakani, kando ya pampu ya maji.

"Soda!" akapiga kelele. "Wewe ni Soda! Na wewe... Pampu! Pampu, rudi!"

Mwekundu akageuka. Mweusi akasimama katikati, sikio moja huku, sikio moja kule, akatetemeka mwili mzima. Kisha akarudi, akajificha kati ya miguu ya Nzomo, akamkojolea kiatu. Mkojo ulikuwa wa moto, kama wa kiumbe hai.

Ng'ambo, ile sauti ikaita tena, kwa upole, majina yaleyale mawili ya zamani.

Na mbwa mkubwa akabweka, kubweka kwa Hakimu akimwona mwenye nyumba anarudi, na mwingine akamfuata kwa uvivu, saa nne zake zimefika. Wakaenda wakibweka kwa furaha, mbali zaidi, kuelekea kule walikoitwa.

Nzomo alivuta pumzi ya kuwaita. Ndinda akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akambana hivyo, huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, maneno ameyachanganya, ili mumewe asisikie.

Alisikia.