Machicha ya Bi Mbodze

Jumatano ile ilianza kama siku nyingine yoyote kule Kinango. Jirani yetu Mercy alitoka kuteka maji bwawani, mwanawe Rai mgongoni, akaingia jikoni kutazama mtungi wa pombe. Akafunua. Hakuna povu. Akachovya kidole, akaonja: uji mtamu tu, kama alivyouacha.

Pombe ile ilikuwa ya kuvunja hanga, kumaliza msiba wa mama mkwe wake Bi Mbodze, mpika pombe aliyesifika mpaka Samburu. Tangu azikwe, Rai alikuwa akilia na kukonda. Wazee walishasema bibi hatamwachilia mjukuu mpaka amwagiwe pombe iliyochacha kaburini. Na hanga lilikuwa Jumamosi.

Basi Mercy akahangaika. Kusi ilikuwa imeleta baridi, kwa hiyo akauzungushia mtungi blanketi na kuusogeza karibu na moto. Akaongeza kimea cha wimbi. Akaongeza hamira ya dukani. Wifi yake Mbeyu akamtania kwamba mtungi umeokoka, hautaki ulevi, wakacheka. Lakini Alhamisi uji ulikuwa bado umelala, na Rai hakuwa na nguvu hata ya kunyonya.

"Ningechota machicha ya pombe ya zamani kwenye mtungi wa mama, yauchachushe huu," Mercy akasema polepole.

Mbeyu akaacha kucheka. "Wifi, ule haufunuliwi mpaka hanga livunjwe. Mwenyewe bado hajautoka."

Mercy alikuwa mtu wa kanisa, akajiambia hayo ni mambo ya kale. Mbeyu alipoondoka, alisali Baba Yetu, akaingia nyumbani mwa marehemu. Mtungi ulikuwa umefungwa tangu mazishi. Alitarajia machicha makavu.

Yalikuwa mabichi. Yalikuwa na joto.

Akarudi jikoni, akatia konzi moja tu katika mtungi wake. Kabla hajafunika, povu likapanda. Likashuka. Likapanda tena, kama kifua cha mtu aliyelala.

Jumamosi watu walikunywa, wakasema huu ni mkono wa mama mwenyewe. Kaburini, Japheth, mumewe Mercy, akamwaga kata ya kwanza. Udongo haukuinywa. Pombe ilibaki juu, ikitoa povu, na wazee wakatazamana.

Siku hiyo Rai akanyamaza. Mercy akamshukuru Mungu. Asubuhi akamkuta tumbo limefura.

Wakamkimbiza hospitali, Msambweni. Muuguzi alimwinamia mtoto, kisha akarudi nyuma. Pumzi ya Rai ilinuka pombe.

"Mama, umemlisha nini?"

"Maziwa yangu tu."

Mercy akaweka kiganja juu ya tumbo lile. Pumzi ya Rai ikakatika. Tumbo halikukoma. Likapanda. Likashuka.

Njiani kurudi na maiti alimwungamia mumewe yote. Walipofika, Japheth aliivunja mitungi yote miwili, kisha akachimba kaburi dogo kando ya lile la mama yake.

Makaburi mengine ya mji ule yamedidimia. La Rai linaumuka. Japheth aliweka jiwe la kusagia juu yake. Asubuhi jiwe lilikuwa limesukumwa kando. Mvua haijanyesha Kinango, mifugo inakufa, lakini ufa wa kaburi lile una unyevu. Mercy huenda kila siku na Biblia yake. Kusoma ameacha. Huinama tu, akafuta povu kwa pembe ya leso.