Nilimngojesha Yaya kwa Ajili ya Injini

Nina umri wa miaka sitini na tisa. Naishi Bel-Air, hapa Lubumbashi, na kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimewafundisha dini watoto wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Namshukuru Mungu kwa mengi. Lakini kuna jambo linalonirudia kila nikipiga magoti... na leo nawaeleza ninyi wasomaji wenzangu.

Nilikuwa na dada mkubwa, Henriette; nilimwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, na Yaya ndiye aliyenilea. Aliishi nyumbani kwetu kwa asili, Mitwaba, safari ndefu kutoka hapa. Mwaka jana tumbo likaanza kumvimba, na muuguzi wa huko akasema apelekwe Lubumbashi haraka. Yaya akanipigia simu niende kumchukua: "Placide, kuya unitwale."

Nina gari kuukuu la dizeli, aina ya jeep. Lilikuwa likitoa moshi na kuishiwa nguvu mlimani. Nikalipeleka kwa fundi Kalenga, tunayesali naye parokia moja. Akafungua injini, akasema, "Papa, haiko mubaya sana. Tubadilishe masegma, utafika Mitwaba na kurudia." Segma ni zile ringi za pistoni. Kazi ya siku chache tu!

Lakini sikuwa nimerudi kwetu miaka mingi. Mtu akitoka mjini, watu wa kwetu huanza kutazama gari lake kabla ya uso wake. Mimi, mkubwa wa ukoo, niingie Mitwaba na gari linalokohoa? Nikamwambia Kalenga apanue silinda, aweke pistoni kubwa na turbo.

Akacheka. "Papa, unaenda kutwala mugonjwa ao unaenda kushindana mbio?" Kisha akanionya kwamba silinda zikishapanuliwa, pistoni za zamani hazitafaa tena. Hakuna kurudi nyuma. Nikasema panua! Nikajidanganya kwamba ni kwa ajili ya Yaya, ili milima isimsumbue.

Pistoni zikaja kutoka mpakani Kasumbalesa na kipimo kisichofaa. Tukaagiza upya. Turbo ikapatikana, nayo ikataka rejeta kubwa zaidi. Kila kipya kilidai kingine... wiki zikapita, injini ikiwa vipande vipande.

Yaya akapiga simu tena. "Weye Placide, ile motoka unaitengeneza ao uko unaizaa?" Tukacheka wote. Lakini sauti yake ilikuwa inafifia, nami nilisikia. Nikafanya nini? Nikamhubiria! Nikamwambia avumilie, kwamba Mungu yuko karibu na wanaongoja. Alijibu "Amina" kwa utii, kama mtoto wa katekisimu.

Kisha mwanawe, Ilunga, akapata lori la mahindi linalokuja Lubumbashi. Dereva alikubali kumketisha Yaya mbele, kando yake. Nikakataa! Nikasema dada yangu hawezi kuingia mjini kama gunia. Ilunga akajibu taratibu, "Mujomba, ye mwenyewe iko anakubali." Nikamkemea. Kwetu mpwa habishani na mjomba wake... lori likaondoka bila Yaya.

Hatimaye injini ikawaka. Ilinguruma vizuri ajabu! Nilipanda milima nikiimba nyimbo za Bikira Maria. Nilipofika Mitwaba, nikakuta wanawake wameketi chini uani, wanalia. Yaya alikuwa ameaga dunia nikiwa njiani, ambako simu haishiki.

Vijana wakalizunguka gari na kuisifu injini. Mmoja akaniambia kwa heshima, "Mukubwa, hii moteur iko nguvu kweli!" Sifa niliyoitafuta niliipata... maiti ya dada yangu ikiwa ndani ya nyumba.

Ilunga hakunilaumu. Alinipa kiti, akaniletea maji ya kunawa. Padri amekwisha kuniondolea dhambi, nami naamini kwamba nimesamehewa. Lakini upole wa kijana yule bado unaniumiza kuliko tusi lolote. Je, Yaya angepona kama ningekwenda mapema? Sijui. Ninachojua ni kwamba alitaka kuja, na mimi ndiye niliyemzuia.

Wazee wenzangu, nawasihi! Mgonjwa akiwaita, tengenezeni kinachotosha kuwafikisha, kisha ondokeni. Likipita lori, mwacheni apande lori! Na kabla hamjamwambia mtu anayeumwa avumilie, jiulizeni kwanza ni nani anayemchelewesha.