Mshamu Alivyoitika

Kihuishi, mashine ya kufufua picha, kiliimeza kanda taratibu, na katikati ya chumba roketi ikasimama. Roketi yenyewe sasa, jamani! Maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, na kileleni sufuria iliyopinduliwa, vishikio vyake vinaonekana kabisa. Somoe aliizunguka huku akicheka peke yake. Picha ilielea hewani, kamili pande zote, hata ungeweza kuchungulia nyuma ya maboksi ukaona gundi ilikovuja.

Hiyo ndiyo kazi iliyoifanya Dodoma ya wakati ule ivume dunia nzima. Ulikipa Kihuishi kanda ya zamani iliyoliwa na ukungu, nacho kikaisoma punje kwa punje. Palipokuwa na shimo, akili unde yake ilibuni na kuziba: uso, sauti, hata pumzi. Ubaya wake ni kwamba kanda ikishasomwa hubaki vumbi, na chenyewe hakikuweza kukwambia wapi kimesoma na wapi kimebuni. Kwacho yote yalikuwa kumbukumbu. Ndiyo maana Jumba la Picha lilimwajiri Somoe awe mtathmini. Alitazama, akasikiliza, na penye uongo akasema, "Bandia." Kipande kilifutwa papo hapo, kwa sababu sheria haikuruhusu sauti ya uongo ya marehemu ihifadhiwe, na kingine kikashonwa mahali pake.

Safari hii alipewa msimu wa kwanza wa Wapagazi wa Nyota, tamthilia iliyorushwa kabla hajazaliwa. Jumba lilitaka kujua kama inafaa kurudi hewani. Tuseme ukweli, msimu ulikuwa mbovu. Mwanzoni watu wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari. Katikati hadithi inapotea njia, nahodha anatua kwenye sayari ya barafu amevaa kandambili, na hakuna anayeuliza. Lakini kila alipotokea mwelekezi wa chombo, maboksi yalisahaulika. Aliangalia dirishani tu, nawe ungeapa kuwa nje kuna nyota.

Mwelekezi huyo aliigizwa na Mshamu Likwata, baba yake Somoe. Alifariki Somoe akiwa bado tumboni, na nje ya kanda zile sauti yake haikuwepo popote.

Mama yake, Bi. Mwanahawa, alikuwa ameshapofuka. Asubuhi ile alimshika Somoe mkono mlangoni.

"Mwanangu, kuona siwezi, na wala sidai. Nataka nimsikie akiitika tu, basi."

"Utamsikia, mama. Anaongea msimu mzima."

"Akiitika," mama alirudia, lakini Somoe alikuwa anachelewa kazini.

Sasa, mbele ya macho yake, nahodha wa kike aligeuka kwenye kiti chake, akaita, "Mwelekezi!"

"Bee!" akajibu Mshamu.

Somoe alishtuka. Mwanamume wa Kilwa, mtu mzima na ndevu zake, aitike bee? Nyumbani kwao mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kufunga vifungo: mwanamume akiitwa ni naam, abee na bee ni za wanawake.

"Lameki, umesikia?"

Lameki, fundi wa Kihuishi, alikuwa Mgogo wa hapo hapo Dodoma. "Nimesikia bee. Kuna nini?"

"Mashine yako imechanganya. Imempa baba yangu mwitiko wa kike."

"Sisi kwetu hatuna mambo hayo, dada. Ila mbona sauti imekaa vizuri? Una uhakika?"

"Lameki, hiki ni Kiswahili cha kwetu, utanifundisha wewe?"

Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Aliwaza nchi nzima ikimcheka baba yake, tena baba mwenyewe hayupo wa kujitetea. "Bandia," akasema. "Futa zote, msimu mzima."

Kihuishi kilinguruma kidogo. Nahodha akaita tena, na safari hii likatoka "Naam!" zito, la kiume, la heshima zake. Somoe akaridhika.

Alasiri alirudi nyumbani na kisanduku-sauti kilichounganishwa na Kihuishi, akakiweka sebuleni karibu na mama. Bi. Mwanahawa alisikiliza ameinamisha kichwa. Mshamu alipokohoa, alitabasamu. Mshamu alipocheka, alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha nahodha akaita.

"Naam!"

Mkono wa mama ukasimama. "Rudisha."

"Naam!"

"Huyu nani?"

"Ni baba, mama."

"Siye." Bi. Mwanahawa alisukuma kisanduku pembeni. "Mshamu alilelewa na bibi yake na mashangazi zake, nyumba nzima haina mwanamume. Kuitika alijifunza kwao. Bee, mpaka ndevu zikamwota. Watu walimcheka weee, mwongozaji akamrekebisha mpaka akachoka, akamwacha. Mimi nilimpendea hilo, Somoe. Naam walikuwa wanaitika wote."

Somoe alitoka uani, akampigia Lameki.

"Ile bee..."

"Imefutwa, dada. Na kanda zimeshakuwa vumbi. Ila Kihuishi kinaweza kushona nyingine. Sauti kinayo. Na mtathmini ni wewe, ukisema ni ya kweli, nani atabisha?"

Alitamani alie kwa sauti, aibu ikamzuia. Baba yake alikuwa amepita mbele yake mzima mzima, mara ya kwanza maishani mwake, naye akamkana. "Shona," akasema.

Aliporudi sebuleni nahodha alikuwa anaita.

"Bee!"

"Haya! Ndiye huyo!" Bi. Mwanahawa alipiga makofi kama msichana. "Ndiye, Somoe? Si ndiye?"

"Ndiye, mama," alisema Somoe, na moyo ukamuuma kwa urahisi wa neno lile.

Mama akajisogeza, akaita mwenyewe, taratibu, kwa sauti ambayo Somoe hakuwahi kuisikia kwake. "Mshamu!"

"Bee!" kikajibu kisanduku. Hakuna aliyekiamuru. Akili unde ilikuwa imesikia jina na furaha ya mwitaji, ikajifunza.

"Mshamu!"

"Bee, Mwanahawa!"

Jina hilo halikuwamo kwenye tamthilia. Somoe alijificha jikoni, akawasha jiko bila kujua anapika nini. Jumba lilipotuma ujumbe kuuliza msimu una thamani gani, alijibu kwamba hadithi ni dhaifu, vifaa ni vichekesho, lakini urushwe kwa ajili ya mwelekezi. Wakauliza kama sauti zake zote ni za kweli. Akajibu ndiyo. Sebuleni waliendelea, huyu anaita, yule anaitika, mpaka chai ikachemka na kumwagika.

"Somoe!" mama akaita. "Njoo umsikie baba yako!"

Alifungua mdomo aitike abee, kama alivyoitika maisha yake yote. Kisanduku kikamtangulia.

"Bee!" ilisema sauti ya baba yake.

Mwitiko wa Somoe ukawa umeshachukuliwa.

"Somoe?" Mama aliita tena, sasa kwa wasiwasi.

"Naam," akaitika Somoe.