Mwangwi wa Ghala la Terrat

Haya yalimpata Agnela wa Levolosi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kazi yake ni kutathmini miradi ya ujenzi kabla benki haijaikubali. Mchana ule alitumwa Terrat kukagua ghala la kupangisha wafanyabiashara, lililokaribia kwisha. Mwenye mradi, Elihuruma, alishampigia simu: "Dada, tupitishie tu. Wapangaji wanasubiri."

Getini alimkuta mlinzi, mzee Yiamat, amekaa juu ya tofali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaingia peke yako?"

"Kuna ubaya?"

Mzee alitazama pembeni. "Hapa palikuwa na boma la mama mmoja. Alikataa kuhama. Siku walipomwaga zege, ndiyo siku tuliyoacha kumwona." Akashusha sauti. "Ukiitwa humo, usiitike."

Agnela alitabasamu kwa adabu, akaingia.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya saruji. Akawasha simu ajirekodi, akaanza kutembea huku akitaja mazuri ya mradi.

"Barabara ya lami iko jirani. Paa ni imara. Malori yanageuka bila shida."

Bila shida... bila shida... mwangwi ulirudisha.

Akahamia kwenye kasoro. "Mitaro haitoshi. Umeme haujafika."

Haujafika... haujafika...

"Sakafu..." Akasita, akiutazama ufa uliopita katikati.

Mwangwi haukusita.

"Sakafu ni nzito," ulisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Agnela akaganda. Hakuwa amesema hivyo.

Kisha pumzi ya baridi, kisogoni kabisa.

"Agnela."

Akakaza meno. Alichelewa.

"Bee," aliitika.

Kilichofuata hakikumbuki. Alijikuta anakimbilia mlangoni. Alidhani amekaa kitambo kidogo tu, lakini nje jua lilikuwa limeegemea milima ya Monduli. Yiamat alikuwa amesimama getini.

"Nimegonga mabati mchana kutwa, hukugeuka," alinong'ona. "Ulikuwa umekaa sakafuni, umeinamisha kichwa. Unacheka na mtu."

Njiani Elihuruma akapiga simu.

"Sipitishi," Agnela alimwambia. "Vunja hiyo sakafu. Mtoe yule mama."

Elihuruma hakuuliza mama gani. Alikata simu.

Nyumbani, mama yake alimlaza kitandani, akamfungua kitambaa cha kichwa ili ampoze kwa maji. Kilikuwa kimefungwa vilevile kama alivyokifunga mwenyewe asubuhi, juu ya nywele alizochana tu.

Mkono wa mama ukasimama.

"Mwanangu," aliuliza polepole, "nani amekusuka?"

Kichwa kizima kilikuwa misuko myembamba, safi, iliyobana, imekolea vumbi la saruji.

Msuko wa mwisho, kisogoni, ulikuwa umeachwa nusu.