Maji ya Fulani

Siku ya nne tangu kipimo kipya cha mkojo kifungwe, muuguzi alifungua kompyuta asubuhi akakuta mtu ameshajipima. Chumba cha kupimia kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Zamani kazi hiyo ilikuwa jagi lenye alama, saa ya mkononi, na muuguzi kusimama nyuma ya mlango akisikiliza wazee wa watu wakihangaika kukojoa. Aibu tupu, kwao na kwake. Sasa mgonjwa aliingia peke yake, akakojoa kwenye faneli iliyokaa juu ya mzani mdogo, na mchoro ukajitokeza kwenye kompyuta ya muuguzi chumba cha pili. Mwenye afya alichora kilima kimoja. Aliyezibwa mkojo alichora mstari uliolala.

Mchoro wa asubuhi ile ulikuwa na vilima vitatu. Jina: Fulani. Umri: miaka sabini.

"Aah, huyo nilimtunga mimi," fundi alicheka kwenye simu. "Mashine haikubali maji bila mgonjwa. Nikaandika mtu wa uongo, nikammwagia maji ya jagi mara tatu, nijaribu. Nimesahau kumfuta."

"Ulimwaga lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi, kaka."

Fundi aliacha kucheka. "Labda mtandao ulichelewa."

Muuguzi aliyameza hayo, maana alikuwa na lake rohoni. Baba yake mzazi alikuwa akipimwa hapo. Tezi ilikuwa imembana, na daktari alishasema wazi: mkojo ukigoma mara tatu, ni kisu, na kwa moyo wake dhaifu, mzee asingeamka mezani. Siku hiyohiyo mzee aliingia, akatoka mikono mitupu. Mstari ulilala. Dakika ileile Fulani akachora vilima vitatu. Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na chini ya mlango ikaanza kutoka harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Ilipofika mara ya tatu, mzee alimshika mkono mlangoni. "Mama, niombee." Tangu muuguzi azaliwe, mzee hakuwahi kumwita vingine, kwa kuwa binti huyo alibeba jina la bibi yake, mama wa mzee. Akaingia, akajifungia.

Mama Deki, msafishaji wa korido, alisimamisha ufagio wake wa maji. "Umemwingiza baba yako humo?" alinong'ona. "Mimi siingii tena. Faneli kavu, halafu nasikia mtu anameza."

"Mama Deki, usinitishe. Hapa ni hospitali."

"Na huyo Fulani wenu yumo hospitali. Mmempa jina, mmempa umri, mmempa maji. Kilichobaki ni mwili tu. Mfuteni, lakini chumba kikiwa kitupu, dirisha wazi, apate pa kutokea. Asikute mtu ndani."

Humo ndani mzee aliguna. Muuguzi alikimbilia kompyuta, na pale mstari wa baba yake ulikuwa umelala huku wa Fulani ukianza kupanda, kilima cha kwanza, na sauti ya mtu anayemeza ikapenya ukutani, polepole, bila haraka, na harufu ya kisima ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, na mzee akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa baba yake, na kilima cha pili kikapanda, na alijua alichoambiwa, alikijua neno kwa neno, lakini aliyekuwa analia ni baba yake, kwa hiyo akabonyeza futa, mashine ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena.

Kimya.

Kisha maji yakaanza kutiririka kwenye faneli, mengi, kwa nguvu. Muuguzi aliziba mdomo akalia kwa furaha. Baba amepona! Hakuna kisu tena! Mama Deki mlangoni alikuwa akitazama skrini.

Jina lilikuwa la baba yake. Vilima vilikuwa vitatu.

Mlango ulifunguka. Mzee alitoka amenyooka, akifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Alimtazama muuguzi kwa heshima, kama mtu anavyomtazama asiyemjua.

"Dada," alisema, "asante kwa maji."